Nusu Mkate: Ugomvi Ulioandikwa Ndani ya Sheria

Jumapili ya tarehe 14 Februari 2010, Waziri Mkuu wa Kenya, Raila Odinga, alitangaza kuwasimamisha kazi mawaziri wawili kwa miezi mitatu. Mmoja alikuwa William Ruto wa Kilimo, kwa ajili ya sakata ya mahindi ya akiba ya taifa. Wa pili alikuwa Sam Ongeri wa Elimu, kwa ajili ya fedha za elimu ya msingi bila malipo zilizogunduliwa kupotea. Siku haijaisha, Rais Mwai Kibaki naye akatoa taarifa: mawaziri hao wangali kazini, Waziri Mkuu hana mamlaka hayo, na hakushauriana naye. Jumatatu asubuhi nchi ikaamka na mawaziri wawili ambao nusu ya serikali ilisema wamesimamishwa na nusu nyingine ikasema wapo.

Waliochoshwa na serikali ile ya mseto ya Kibaki na Raila, iliyobandikwa jina la "nusu mkate", walikuwa na methali tayari mdomoni: mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali tamu, ila hapa inapotosha. Inawalaumu mafahali na kumwacha aliyejenga zizi aende zake. Ukiisoma Sheria ya Mkataba wa Kitaifa na Maridhiano ya mwaka 2008, iliyoizaa serikali hiyo na ambayo ni kurasa chache tu, utaona kwamba sehemu kubwa ya vuta nikuvute iliyowaudhi wananchi kwa miaka mitano ilikuwa imeshapandwa humo, katika maneno ambayo hakuna aliyeyafafanua.

Kwa nini iliandikwa sheria kabisa? Jibu liko mwaka 2002. Muungano wa NARC ulioing'oa KANU madarakani ulikuwa na pande mbili, NAK ya Kibaki na LDP ya akina Raila, na kati yao palikuwa na hati ya maelewano iliyogawa vyeo, pamoja na ahadi ya wadhifa wa waziri mkuu. Hati hiyo haikuwa sheria. Kibaki alipoingia Ikulu haikutekelezwa, na LDP haikuwa na pa kuishtaki. Donda hilo liliiva hadi kura ya maamuzi ya Novemba 2005: baadhi ya mawaziri wakaipinga katiba iliyopendekezwa na serikali yao wenyewe, chungwa, alama ya "Hapana", likaishinda ndizi, alama ya "Ndiyo", na siku mbili baadaye Kibaki akalivunja baraza lote la mawaziri. Alipoliunda upya, akina Raila walikuwa nje.

Kwa hiyo walipokutana tena mezani mwanzoni mwa 2008, ODM, chama kipya cha Raila, haikutaka kusikia habari za karatasi tupu. Tarehe 30 Desemba 2007 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alikuwa amemtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila, na jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa. Machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha makwao zaidi ya 600,000. Kofi Annan, akisaidiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel, akasimamia mazungumzo katika hoteli ya Serena, Nairobi. Tarehe 28 Februari vinara hao wawili walitia saini mbele ya Harambee House, Annan na Jakaya Kikwete wakiwa mashahidi. Tarehe 18 Machi Bunge likapitisha sheria na kurekebisha Katiba ili ikae imara.

Sasa tuiangalie sheria yenyewe. Ilisema Waziri Mkuu atakuwa na mamlaka ya kuratibu na kusimamia utekelezaji wa shughuli za serikali, zikiwemo za wizara. Ilisema ataondolewa tu kwa kura ya Bunge ya kutokuwa na imani naye. Waziri aliyependekezwa na chama mshirika hangeweza kufutwa bila mashauriano na ridhaa ya maandishi ya kiongozi wa chama chake. Muundo wa serikali ungezingatia uwiano wa wizara na nguvu za kila upande bungeni. Huo ndio uliokuwa moyo wake.

Haikusema kusimamia maana yake ni kufanya nini. Haikusema waziri akikaidi itakuwaje. Haikusema uwiano wa wizara unapimwa kwa idadi, kwa bajeti au kwa uzito wa wizara. Na haikumtaja mwamuzi. Baadaye iliundwa kamati ya kudumu ya kushughulikia masuala ya muungano, lakini wenyeviti wake walikuwa vinara wale wale, kwa hiyo walipokosana wao, kamati nayo ililala.

Rudi sasa kwenye ile Jumapili ya Februari. Kisa chenyewe kilianza na njaa. Januari 2009 Rais alitangaza baa la njaa kuwa janga la kitaifa, watu milioni 10 wakihitaji chakula. Serikali ilikuwa ikiuza mahindi ya akiba kwa bei nafuu ili kampuni za kusaga ziteremshe bei ya unga. Ukaguzi ukaonyesha kwamba vibali vya kununua mahindi hayo viliwafikia hata watu wasiokuwa na kinu, ambao waliviuza kwa wenye vinu na kutia faida mfukoni. Mwananchi akanunua unga kwa bei ya juu, na ruzuku ikawa imeishia njiani. Tarehe 13 Februari 2010, Jumamosi, Kibaki aliwaweka kando maafisa wakuu kadhaa ili uchunguzi ufanyike, wakiwemo wawili wa ofisi ya Waziri Mkuu mwenyewe. Kesho yake ndipo Raila alipowageukia mawaziri.

Je, sheria ilimruhusu? Chukua waziri mmoja mmoja. Ongeri alikuwa wa upande wa PNU. Kumwondoa kulikuwa mikononi mwa Kibaki, aliyekuwa Rais na kiongozi wa upande huo kwa wakati mmoja. Raila hakuwa na mlango wowote hapo. Ruto alikuwa wa ODM, ingawa kufikia wakati huo alikuwa ameshakosana na kiongozi wake. Kwake ilihitajika hatua ya Rais pamoja na ridhaa ya maandishi ya Raila. Raila peke yake hakutosha, Kibaki peke yake hakutosha. Upande wa Raila ulijibu kwamba kumsimamisha mtu si kumfuta, na kwamba msimamizi asiyeweza kumweka mtu kando hasimamii chochote. Hoja hiyo ina mantiki, na hapo ndipo ubovu wa sheria unapoonekana: neno "kusimamia" lilikuwa pana kiasi cha kumpa Raila tumaini, na jembamba kiasi cha kumpa Kibaki jibu. ODM ikasema itasusia vikao vya baraza la mawaziri na kumwita Annan aje aamue. Mwaka wa pili wa serikali, na bado mtu wa kuamua ilibidi atafutwe nje ya nchi.

Watu wengi walidhani ugomvi ulikuwa wa vinara wawili tu. Kwa kweli ulikuwa ukishuka hadi kwenye faili. Makatibu wa kudumu wa wizara, ambao ndio wanaoidhinisha matumizi ya fedha, waliteuliwa na Rais na kupokea maelekezo kutoka kwa Francis Muthaura, Mkuu wa Utumishi wa Umma na Katibu wa Baraza la Mawaziri. Wakuu wa mikoa na wa wilaya walikuwa chini ya Ofisi ya Rais. Waziri Mkuu aliweza kuitisha mkutano na kudai ripoti, lakini fedha, uhamisho wa maafisa na hata mapokezi yake mashinani yalipitia kwa watu wasiowajibika kwake. Aprili 2009 alipolalamika hadharani kuhusu zulia na choo katika ziara yake ya Pwani, nchi nzima ilicheka. Kicheko kilistahili, maana watu walikuwa na njaa. Lakini zulia hutandikwa na mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya hakuwa mtu wake. Lilikuwa lalamiko la mamlaka, bahati mbaya likatoka likiwa limevaa nguo za kuchekesha.

Kuhusu uwiano wa wizara, njia rahisi ya kumaliza ubishi ilikuwa kuongeza mkate. Mazungumzo ya kuunda baraza yalikwama mwanzoni mwa Aprili 2008, hadi vinara walipokutana Sagana na kukubaliana. Tarehe 13 Aprili likatangazwa baraza la mawaziri 40, likagawanywa nusu kwa nusu, na mawaziri wasaidizi zaidi ya 50. Bunge zima lilikuwa na wabunge 222 wa kuchaguliwa na kuteuliwa, kwa hiyo takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa ndani ya serikali. Wakati huo marupurupu ya wabunge hayakuwa yakikatwa kodi. Usishangae mlipa kodi alikunja uso.

Gharama ya mishahara ilikuwa sehemu ndogo ya tatizo. Ili zipatikane wizara za kutosha, zile zilizokuwepo zilipasuliwa. Angalia Afya. Ilizaa wizara mbili: Huduma za Matibabu, chini ya Anyang' Nyong'o wa ODM, na Afya ya Umma, chini ya Beth Mugo wa PNU. Zahanati na vituo vya afya vikaenda kwa mmoja, hospitali za wilaya na kubwa zaidi kwa mwingine. Mama mjamzito aliyeanzia kwenye zahanati ya kijijini, kisha akapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, alikuwa amevuka kutoka wizara moja hadi nyingine, yenye katibu wake, bajeti yake na chama chake. Dawa zikikosekana, kila upande ulikuwa na mahali pa kunyooshea kidole. Mambo ya mifugo, ya uvuvi na ya ushirika nayo yalikuwa na wizara zake mbali na ile ya Kilimo, huku mkulima akiwa ni yule yule mmoja.

Kisha kuna Bunge. Kawaida serikali ikiboronga, upinzani huishika shati. Hapa vyama vyote vikubwa vilikuwa ndani. Wabunge wa viti vya nyuma walijaribu kuunda upinzani wao, wakaandaa hata mswada, lakini mbunge aliyetaka kumkosoa waziri alijikuta akimkosoa mtu wa chama chake au mshirika wa chama chake. Kwa hiyo upinzani ukahamia ndani ya serikali: kila nusu ikawa inafichua uchafu wa nusu nyingine. Kuna waliosema hilo lilikuwa jambo jema, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki, kwa sababu kashfa nyingi zilijulikana kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba kashfa iliyofichuliwa hivyo iligeuka mara moja kuwa silaha ya kisiasa, na mshukiwa akapata ngao ya kabila na chama kabla ya kupata wakili.

Mwezi huo huo wa Aprili 2009 ulionyesha jinsi chombo kizima kinavyoweza kusimama kwa sababu ya sentensi moja isiyoandikwa. Tarehe 3 serikali ilienda mafungoni Kilaguni, Tsavo, kupatanishwa. Mkutano ukavunjika kwa kushindwa kukubaliana hata ajenda. Tarehe 6 Martha Karua akajiuzulu wizara ya Haki baada ya majaji kuteuliwa bila yeye kuhusishwa, na huyo alikuwa wa upande wa Rais. Kisha Bunge likafunguliwa, na Spika Kenneth Marende akapokea barua mbili. Ya Rais ilimtaja Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka kuwa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Ya Waziri Mkuu ilimtaja Waziri Mkuu. Cheo hicho ndicho kilichofungua mlango wa kuongoza Kamati ya Shughuli za Bunge, inayopanga nini kijadiliwe na lini. Bila kamati hiyo, hakuna ratiba. Tarehe 28 Aprili Marende alikataa kumchagua yeyote: akasema serikali ni moja na ilete jina moja, na kwa muda huo ataongoza kamati yeye mwenyewe. Wengi walimsifu kwa hekima ya Suleimani. Ni sifa nzuri kwake, na aibu kwa sheria iliyomlazimisha mwamuzi kuingia uwanjani kucheza.

Neno lililoleta madhara kuliko yote ni "mashauriano". Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ilibakiza serikali ya mseto hadi uchaguzi uliofuata, na ikasema teuzi kubwa za kipindi hicho Rais azifanye baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Tarehe 28 Januari 2011 Ikulu ikatoa majina manne: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Wote wanne wanaume. Upande wa Rais ukasema mashauriano yalifanyika. Raila akasema hakukubaliana na majina hayo. Unaona mtego? Wa kwanza alielewa kushauriana kuwa ni kumsikiliza mwenzako, kisha kuamua. Wa pili alielewa kuwa ni kufikia makubaliano. Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili, na Kiingereza cha sheria hakikuwa bora. Tarehe 3 Februari Mahakama Kuu, kupitia Jaji Daniel Musinga, ikasema uteuzi ule ulikiuka Katiba. Tarehe 17 Spika akaamua vivyo hivyo. Tarehe 22 Rais akayaondoa majina. Kazi ikaanza upya kwa Tume ya Huduma za Mahakama kuwahoji waombaji hadharani, na hatimaye Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu katikati ya mwaka 2011.

Angalia tofauti kati ya kisa hiki na kile cha mawaziri cha mwaka mmoja kabla. Mwaka 2010 hakukuwa na mwamuzi, na mambo yakabaki yakining'inia. Mwaka 2011 mahakama ilikuwa na maandishi ya kushika, na mzozo ukaisha kwa wiki chini ya nne. Vinara walikuwa wale wale.

Swali ambalo wananchi waliuliza sana ni hili: kama wamechokana, si waachane? Jibu liko tena kwenye sheria. Muungano ungekufa kwa njia tatu: Bunge la Kumi kuvunjwa, washirika wote kuandikiana kwamba wameachana, au mshirika mmoja kujitoa kwa uamuzi wa chombo chake cha juu kabisa. Ungekufa, sheria yenyewe ingekoma, na pamoja nayo cheo cha waziri mkuu. Cheo cha Rais kilikuwa na mizizi kwingine. Kwa maneno mengine, ODM ikitoka, Raila anabaki mbunge wa Lang'ata na Kibaki anabaki Rais. Ndiyo maana vitisho vya kujitoa vilisikika mara nyingi na havikutekelezwa hata mara moja. Ikulu ilijua kusoma. Kibaki naye alikuwa na sababu ya kutowafukuza: ODM ilikuwa imeshinda viti 99 vya ubunge dhidi ya 43 vya PNU, na bila kura zake hata bajeti ingekwama. Waliunganishwa na hesabu.

Na bado, serikali hiyo hiyo ilifanya jambo ambalo serikali zenye wingi wa kura zilishindwa kwa miaka 20. Ilileta Katiba mpya, iliyopita kwa takriban asilimia 67 katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010. Wanaoidharau serikali ya mseto husahau hili, na wanaoisifu husahau jinsi ugomvi wake ulivyoichora katiba hiyo. Rasimu ya Kamati ya Wataalamu ilikuwa na rais na waziri mkuu. Januari 2010, wiki chache kabla ya ile Jumapili ya mawaziri, kamati ya Bunge ilijifungia Naivasha na kuondoa wadhifa wa waziri mkuu. Walikuwa wameonja serikali yenye vichwa viwili, hawakutaka kuiandikia wajukuu. Katiba iliyopitishwa nayo ikawa na mambo yaliyolenga moja kwa moja kero za wakati huo: mawaziri wasiozidi 22, na wasiwe wabunge.

Matokeo yake ni kwamba leo mkate hauwezi kukatwa ndani ya Katiba, unakatwa pembeni yake. Sheria ya Vyama vya Siasa inataka mikataba ya miungano iwasilishwe kwa Msajili wa Vyama. Ukipata nafasi ya kuusoma mkataba wa aina hiyo, ruka kurasa za mwanzo zenye maono na maadili. Tafuta vitenzi. Kila palipoandikwa "watashauriana", tafuta kama pameandikwa kwa maandishi au kwa mdomo, ndani ya siku ngapi, na nini kinafuata mmoja akinyamaza. Kila palipotajwa asilimia ya serikali, uliza ni asilimia ya nini, kwa sababu mwenyekiti wa bodi ya shirika na waziri wa Fedha wote huhesabiwa kuwa nafasi moja. Tafuta jina la mwamuzi, na kama aliyemteua ni mmoja wa wagombanao, hesabu kuwa hayupo. Mwisho nenda kwenye kifungu cha kuachana, uone nani anabaki na kiti. Huyo ndiye mwenye muungano. Ile sheria ya 2008 iliandika "ridhaa ya maandishi" kuhusu kuwafuta mawaziri wa mshirika, na Ruto alipoondolewa barazani Agosti 2011, tangazo lilitoka kwa Rais baada ya ODM kuridhia. Hakukuwa na Jumapili nyingine ya taarifa mbili.

Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Rais William Ruto aliwaingiza vigogo wa ODM kwenye baraza lake, wakiwemo John Mbadi kwenye Hazina na Opiyo Wandayi kwenye Nishati. Tarehe 7 Machi 2025, katika jumba la KICC, yeye na Raila walitia saini makubaliano ya vipengele kumi. Hakuna kifungu cha Katiba kinachoyashikilia, na ODM yenyewe ilisema huo si muungano. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Hati iliyobaki ina saini yake, na ni ya aina ile ile aliyopewa mwaka 2002: hati ya maelewano.